GPS ya gari na GPS ya porini: nimetumia zote mbili, haya ndo niliyoyaona

Nianze na kilichonitoa kwenye simu. Nilikua kwenye safari ya kutwa nzima, simu nimeibandika kioo cha mbele, inachaji, ramani iko wazi, mwanga wa skrini nimeupandisha mpaka mwisho maana jua lilikua linanipiga usoni kabisa. Mchana mchana hivi nafika njia panda yenye matawi matatu, natupa jicho kwenye simu naona imeandika imepata joto kupita kiasi, isubiri ipoe, alafu giza. Kibao hamna, mtu wa kuuliza hamna. Nikachagua njia ya katikati kwa kuhisi tu, nikaenda nayo kilomita 40 ndo simu ikakubali kuwaka na kuniambia geuka urudi. Kwa hiyo kwenda na kurudi kilomita 80 za bure, mafuta yameisha, na giza limenikuta barabarani.

Toka siku ile nimepita kwenye vifaa vitano, viwili vya gari na vitatu vya kushika mkononi, kimoja kati ya hivyo nilikirudisha baada ya wiki mbili. Nimevitumia barabarani, nimepanda navyo milima kwa miguu, nimevitumia kwenye mvua na kwenye baridi ya kufa ganzi vidole. Na kikubwa nilichokiona ni kwamba wengi tunachagua kwa kuhesabu kifaa kinafanya vitu vingapi, wakati swali la kujiuliza ni moja tu: siku kikikuzimikia au kikikupeleka siko, utakua wapi na itakugharimu nini? Ukishalijibu hilo kwa ukweli, nusu ya vifaa vilivyoko sokoni vinajiondoa vyenyewe.

Kabla ya vifaa kuna jambo moja lazima tulinyooshe maana nalisikia kila siku, watu wanasema "huko mtandao haushiki kwa hiyo GPS haitafanya kazi". Sio kweli kabisa. Satelaiti za GPS, za Marekani, ya kwanza ilirushwa 1978, ziko juu kama kilomita 20,200 na kila moja inaizunguka dunia mara mbili kwa siku, na kazi yake ni kutangaza saa ngapi na yenyewe iko wapi, basi. Kifaa chako kinasikiliza tu kama redio, hakirudishi kitu. Kikisikia satelaiti 4 kinapiga hesabu ya mahali ulipo, na kama unajiuliza kwanini 4, ya nne ni ya kunyoosha saa ya kifaa chenyewe, maana mawimbi yanaenda kwa kasi ya mwanga, saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde tayari umekosea mita 300. Hapo bando haliguswi. Kinachokula bando ni ramani, ile picha ya barabara inayoshushwa kila ukisogea. Ndo maana simu yako kwenye eneo lisilo na mtandao inakuonyesha kale kanukta ka buluu kanatembea juu ya karatasi nyeupe tupu: GPS iko hai, ramani ndo haipo.

Simu kuna msaada inaoupata kwenye mtandao ambao wengi hatuujui, inashusha haraka haraka taarifa za satelaiti ziko wapi sa hivi, ndo maana inakupata ndani ya sekunde chache. Ukitoka nje ya mtandao, na hata kifaa kipya ukikitoa kwenye boksi, hizo taarifa zinabidi zisikilizwe kutoka kwa satelaiti zenyewe, na hizo zinatuma taratibu sana, orodha nzima ya satelaiti zote inachukua dakika 12 na nusu kukamilika. Kwa hiyo kifaa kipya usikiwashie ndani ya nyumba ukaanza kulalamika hakishiki. Kitoe nje mahali mbingu iko wazi, kiweke chini, kiache robo saa, siku inayofuata utaona kinashika mara moja.

Haya, twende kwenye gari.

Vifaa vya kuweka kwenye dashibodi vilivuma sana kuanzia miaka ya 2000, TomTom wale wa Uholanzi walitoa TomTom GO ya kwanza 2004, Garmin nao wakawa wanakimbizana nao, alafu 2009 Google wakaweka huduma ya kuelekezwa njia bure kwenye simu za Android na soko likabadilika siku hiyohiyo. Swali la "kwanini ninunue wakati simu ninayo" ni la haki kabisa na mimi jibu langu halifanani kwa watu wote. Kama unaendesha mjini, mtandao upo muda wote, unachotaka ni kujua foleni iko wapi na duka fulani liko mtaa gani, baki na simu. Hakuna kifaa cha dashibodi nilichotumia kilichoishinda simu kwenye kutafuta jina la mahali, unaandika herufi unasubiri, unaandika tena, na nusu ya sehemu mpya hazimo. Na foleni nayo, vifaa vingi vya sasa vinaichukua kupitia simu yako hiyohiyo, kwa hiyo unarudi palepale.

Ila kama wewe ni mtu wa safari ndefu, masaa sita, masaa kumi, mkoa hadi mkoa, nchi hadi nchi, hapo kifaa chenyewe kinajilipa. Ramani yote iko ndani ya memori yake, mtandao ukikatika hakijui hata kama umekatika. Kimetengenezwa kukaa kwenye kioo, joto lile lililoizima simu yangu nimekipitisha nalo safari kadhaa bila kuzima. Mtu akikupigia ramani haifunikwi na jina lake. Na simu yako inabaki na chaji na haijachemka, ambayo kwangu ni usalama wa pili, maana siku ya kuhitaji kupiga simu ya msaada hutaki iwe imebaki asilimia nne.

Nilichokizoea zaidi ni Garmin DriveSmart, hizi za namba 66, 76 na 86, tofauti yao kubwa ni ukubwa wa skrini, inchi 6, 7 na 8. Mimi nashauri 7. Ya 6 kwa mwenye macho mazuri inatosha, ya 8 kwenye gari dogo inaanza kuziba barabara yenyewe, na kitu kinachoziba barabara ili kikuonyeshe barabara mimi sikitaki. Kinachonifurahisha ni picha ya njia za kukaa ukikaribia makutano makubwa, inakuonyesha mapema kaa mkono upi, na hilo kwenye barabara ngeni yenye njia tano ni jambo la kuokoa ajali. Kumbuka tu betri ya ndani ya vifaa vya namna hii ni ya kama saa moja, yaani ni ya kukuwezesha kukitoa uangalie njia ukiwa umesimama, sio ya kutumia. Waya wa chaji ukifa, umekwisha, kwa hiyo weka waya wa akiba kwenye gari na uujaribu kabla hujaondoka, sio uuweke tu.

Mambo matatu ya kwenye gari ambayo hayaandikwi kwenye boksi. La kwanza kishikio. Kishikio cha kile kifaa changu cha kwanza, cha kampuni nitakayoiacha bila jina, kilikua kinaachia kioo kila joto likipanda, siku moja kikadondoka kwenye kona na kikajibanza karibu na pedeli ya breki. Moyo ulisimama. Tangu hapo nafuta kioo kwa spiriti kabla ya kubandika, nakiweka chini kabisa ya kioo pembeni, na safari ndefu natumia kile cha kukalia juu ya dashibodi chenye uzito wake. La pili ni tinti. Kuna tinti zina chembechembe za madini ndani yake, na hata vioo vingine vya mbele vina tabaka hilo toka kiwandani, mawimbi ya satelaiti yanafika chini yakiwa dhaifu mno na hilo tabaka linayameza. Niliwahi kupewa gari la namna hiyo, kifaa kikawa kinanionyesha natembea shambani mita 200 kutoka barabarani. Nikakisogeza karibu na kioo cha nyuma kisicho na tinti kikatulia. Kabla hujakisema kifaa kibovu, toka nacho nje ya gari kwanza ukaone.

La tatu ndo zito. Ingia kwenye mipangilio siku ya kwanza kabisa na uangalie kimeambiwa kichague njia vipi. Kifaa kikiambiwa njia fupi, kinachukua fupi kweli, hakijui kwamba ile ni njia ya mkokoteni. Mimi kiliniingiza kwenye barabara ya vumbi ambayo mwanzo ilikua nzuri tu, baada ya kilomita kama 15 ikawa mchanga, alafu ikawa mkondo wa maji uliokauka, na gari ni la chini. Kurudi nyuma ilibidi nirudi rivasi karibu nusu saa kwa sababu hamna pa kugeuzia. Nilikua nimeokoa kilomita tisa kwenye ramani. Kuna sehemu ya kuweka alama "epuka barabara zisizo na lami", iweke, alafu siku ukizihitaji iondoe mwenyewe kwa kujua. Na kila kikikupa njia, kabla ya kubonyeza anza, vuta ramani nyuma uione yote, dakika moja tu, uangalie inapita miji gani na inakatisha wapi. Mwenye lori au gari la kuvuta trela asichukue kifaa cha gari dogo hata kidogo, kuna vyake maalumu ambavyo unakiingizia urefu wa kwenda juu na uzito wa gari, kama Garmin dēzl, vinginevyo utaletwa mbele ya daraja usiloweza kupita chini yake.

Sasa porini. Hapa ndo pana utamu na hapa ndo watu wanakosea zaidi, kwa sababu wanachukua akili ya gari wanaileta kwenye miguu. Kwenye gari una umeme muda wote, umekaa pakavu, skrini iko mbali hatua moja, na unafuata barabara. Kwa miguu huna umeme, umelowa, mikono ina glovu au matope, na mara nyingi barabara haipo. Kila kitu kinageuka. Kwa hiyo mtu akiniuliza kifaa gani kitafanya zote mbili vizuri, namwambia ukweli kwamba mimi sijakipata. Vipo vya kati, Garmin wana Tread ambayo inaingia kwenye magari ya njia mbaya na pikipiki, haiogopi maji wala vumbi na ina ramani za milima ndani, kwa mtu wa gari la kupanda porini ni kitu kizuri sana, lakini kukibeba mkononi siku tatu mlimani hapana.

Kwenye vya mkononi cha kwanza kuangalia ni betri, na sio masaa peke yake, ni aina. Kuna vinavyokula betri za AA, hizi za tochi, na kuna vyenye betri ya ndani ya kuchaji. Garmin eTrex 22x inachukua AA mbili na inaenda mpaka masaa 25. eTrex SE, iliyotoka 2023, inachukua AA mbili hizohizo ila inafika mpaka masaa 168 kwa sababu skrini yake haina rangi na inatumia mwanga wa jua kusomeka. GPSMAP 67 ina betri ya ndani na wanasema mpaka masaa 180. Kwa namba ya 67 inaonekana inashinda, na kwa safari ya wiki moja inashinda kweli. Lakini mimi bado moyo wangu uko kwenye AA na nitaeleza kwanini. Betri ya ndani ikifika mwisho wa maisha yake baada ya miaka, au ukisahau kuchaji, unatakiwa uwe na powerbank na waya, na mlango wa chaji uwe haujaingia maji. AA ikiisha unatoa mbili mfukoni unaweka mbili, sekunde thelathini, umeendelea. Na kwenye baridi kali AA za lithiamu, sio za kawaida za alkali, zinafanya kazi mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, wakati alkali nimeziona zikianguka kutoka nusu mpaka sifuri ndani ya dakika chache asubuhi yenye barafu, nikaziweka kwapani zikarudi uhai kidogo. Ukitumia za kuchaji usisahau kukiambia kifaa kwenye mipangilio ni aina gani, maana ya kuchaji ina volti 1.2 na alkali ina 1.5, usipokiambia kitakuonyesha betri inakufa wakati bado ipo.

Cha pili ni vitufe. Najua skrini ya kugusa inapendeza dukani. Kile nilichokirudisha baada ya wiki mbili kilikua cha kugusa, na kilikua kizuri kwelikweli mpaka siku ya mvua, matone yanagusa skrini kama vidole, ramani inajikuza yenyewe, inahama yenyewe, mara imefungua menyu, nimesimama kwenye mteremko nakifuta na shati ambalo nalo limelowa. Vitufe havina uzuri lakini unavibonyeza na glovu, unavibonyeza gizani bila kuangalia, kidole kinajua chenyewe. Na skrini za vifaa hivi ni ndogo, eTrex ni inchi 2.2, rangi zimefifia ukilinganisha na simu, mtu akiishika mara ya kwanza anaona kama ametapeliwa. Itoe juani. Skrini hizi zinatumia mwanga wa jua wenyewe kung'aa, jua likizidi ndo inasomeka zaidi, simu inafanya kinyume chake kabisa.

Usahihi nao watu wanaupigania sana na mimi naona umepewa uzito kuliko unavyostahili, ingawa historia yake inanivutia. Mpaka Mei 2000 Marekani ilikua inayavuruga kwa makusudi mawimbi ya raia, unaweza kuwa umekosewa kama mita 100, mpaka rais Bill Clinton alipoamuru kuvuruga kuachwe, na ndani ya usiku mmoja kila kifaa duniani kikawa bora bila mtu kukigusa. eTrex ya kwanza, ile ya njano, ilitoka mwaka huohuo. Leo kwenye uwanda wazi hata simu inakupata ndani ya mita 5 hivi, na vifaa karibu vyote vinasikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na vingine BeiDou ya Uchina, satelaiti nyingi zaidi juu ya kichwa chako. Pale tofauti inapoonekana ni kwenye mabonde membamba, chini ya kuta za mawe na kwenye msitu mzito, kwa sababu mawimbi yanagonga jiwe kwanza ndo yanakuja kwako, yamechelewa, kifaa kinadhani uko mbali. Vifaa vinavyosikiliza masafa mawili kwa pamoja, kama GPSMAP 65s na 67, vinaweza kulitambua hilo vizuri zaidi. Kama njia zako ni za kwenye makorongo, lipia hiyo. Kama ni uwanda na vilima vya kawaida, hiyo hela nunulia betri na ramani.

Dira ndo usiikose. Kwenye eTrex 22x mwelekeo unatoka kwenye kutembea, yaani ukisimama kifaa hakijui unaangalia wapi, unazunguka na ramani inabaki ilivyo. 32x imeongezewa dira ya ndani na kipimo cha mwinuko kinachotumia mgandamizo wa hewa, ukisimama na kugeuka nayo inageuka. Kwa mtu wa ukungu hilo ni jambo kubwa. Ilinikuta kwenye mgongo wa mlima, ukungu ukashuka ghafla mpaka naona buti zangu na sio zaidi, pande zote mbili poromoko. Kifaa kilikua kinarekodi nyayo zangu toka asubuhi, nikakiambia nirudishe nilikopitia, nikawa nafuata ule mstari hatua kwa hatua, nasimama, naangalia dira inaelekea wapi, naenda tena. Nilitumia masaa matatu kwa njia niliyoipanda kwa saa moja na robo, lakini nilifika. Kitu cha kwanza ninachofanya mpaka leo nikishuka kwenye gari ni kuhifadhi alama ya gari lilipo na kuhakikisha kinarekodi. Kipimo cha mwinuko nacho kinahitaji kunyooshwa ukiwa mahali unapojua kimo chake, maana hali ya hewa ikibadilika mgandamizo unabadilika na kitakuambia umepanda mita 30 ukiwa umelala kwenye hema.

Ramani. Mtu ananunua kifaa cha maana alafu anaenda nacho na ramani ya msingi iliyokuja nayo, ambayo ina barabara kuu na majina ya miji basi. Hiyo ni sawa na kubeba tochi bila betri. Kwa miguu unataka mistari ya kontua, ile ya kuonyesha mwinuko wa ardhi, mito, njia za watu, vyanzo vya maji. Habari njema ni kwamba kuna OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza na Steve Coast mwaka 2004, ramani inayochorwa na watu wa kujitolea dunia nzima, na kutoka humo zinatengenezwa ramani za bure ambazo unaweka kwenye memori kadi unachomeka kwenye kifaa cha Garmin kinachopokea kadi zinafanya kazi. Sehemu nyingine zimechorwa mpaka ngazi za mawe zimo, nyingine ni tupu, kwa hiyo fungua eneo lako kwenye kompyuta uone kabla ya kuamini. Njia za watu wengine unazipata kama faili za GPX, unahamishia kwenye kifaa, ila faili hilo ni mstari tu wa mtu alikopita, halikuambii alipita mwezi gani na mto ulikua umejaa au umekauka.

Na hapa nisisitize kitu kidogo ambacho kimenipotezea siku nzima. Ukipewa namba za mahali angalia zimeandikwa kwa mtindo gani. Nyuzi 6 na dakika 30 sio 6.30, ni 6.5, maana uzi mmoja una dakika 60. Ukiingiza 6.30 umekosea sehemu mbili za kumi za uzi, na uzi mmoja wa latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo umejipeleka kilomita 22 kutoka unakotaka na kifaa hakitakulaumu, kitakupeleka vizuri kabisa mahali pasipo. Hata mfumo wa ramani uangalie, GPS inatumia WGS 84, ukisoma namba kutoka ramani ya karatasi ya zamani iliyochorwa kwa mfumo mwingine unaweza kuhama mamia ya mita. Tumeni namba za desimali, kama hiyo 6.5, moja kwa moja, na aliyepokea azisome tena kwa sauti.

Kuhusu kuomba msaada, tusichanganye. GPS peke yake haiwezi kumwambia mtu yeyote uko wapi, nimeshasema inasikiliza tu. Ukitaka kutuma ujumbe unahitaji kifaa kinachoongea na satelaiti nyingine, kama inReach Mini 2, ina gramu 100 tu, inapitia satelaiti za Iridium ambazo ziko 66 na zinafunika dunia nzima, unatuma na kupokea meseji na kuna kitufe cha SOS. GPSMAP 67i imeunganisha vyote viwili kwenye kifaa kimoja. Lakini ina malipo ya kila mwezi, na yasipolipwa kile kitufe hakimfikii mtu, kwa hiyo mtu akikuazima muulize kama imelipiwa. Vipo pia vile vya kuomba msaada tu, vinavyotumia mfumo wa Cospas-Sarsat kwenye masafa ya megahezi 406, havina ada ila vingi vinatuma kwa upande mmoja, hujui kama umesikika. Simu za iPhone kuanzia 14 zina huduma yake ya kuomba msaada kwa satelaiti, kwa baadhi ya nchi. Kwa anayetembea peke yake mbali mimi ningeanza kununua kifaa cha kuomba msaada kabla ya GPS kubwa, natamka hivyo nikijua kabisa ndo kinyume cha mpangilio nilioufuata mimi.

Na asiye na hela ya vyote hivi asikate tamaa. Simu uliyonayo, ukiweka programu ya ramani kama Organic Maps au OsmAnd, ukashusha ramani ya eneo lote ukiwa bado na mtandao, ukaiweka kwenye hali ya ndege ili isimalize betri kutafuta mnara, ukabeba powerbank na mfuko usiopitisha maji, kwa matembezi ya siku moja inatosha na ninaifanya mara nyingi. Ijaribu siku moja kabla ukiwa umezima data, maana wengi wanadhani wameshusha ramani kumbe wameangalia tu.

Mimi leo kwenye gari nina DriveSmart ya inchi 7 kwa safari ndefu na simu kwa mjini, kwa miguu nina eTrex 32x na AA nne za lithiamu za akiba kwenye kamfuko kamoja na inReach, na ramani ya karatasi chini ya begi. Ningekua naanza upya kesho ningechukua hivyohivyo.

Ukiamua kununua kilichotumika, na vingi vipo vizuri tu, kiwashe mbele ya muuzaji, nje, mbingu ikiwa wazi, usubiri kishike satelaiti. Angalia tarehe kinayoonyesha. Hesabu ya wiki ya GPS inarudi sifuri kila baada ya wiki 1024, ilirudi Aprili 2019, na vifaa vya zamani ambavyo havikupata programu mpya vinaonyesha tarehe ya miaka karibu 20 nyuma, ukiona hivyo jua hakijaguswa muda mrefu. Bonyeza kila kitufe, fungua mlango wa betri uangalie kutu ya kijani na raba ya kuzuia maji kama imepasuka, chomeka waya kwenye kompyuta uone kama kinasomeka, muulize ramani zake bado zinapata apdeti au zimeshafungwa. Alafu tembea nacho mita 100, rudi, na uone mstari wake umerudi palepale ulipoanzia.